Makunyanzi chini ya macho, na kichupa kisicho na jina

Khalati, assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mkaazi wa Likoni, mama wa watoto watatu, na nafanya kazi ya ukarani katika ofisi moja kule mjini. Kila asubuhi navuka feri mapema na kurudi alasiri, na jioni, nikishamaliza shughuli za jikoni, huketi na kofia zangu za viua, zile za vijitundu vinavyozungushiwa uzi kwa mkono, kazi niliyofundishwa na marehemu mama na ambayo imenisaidia karo za watoto miaka mingi. Hushona mpaka saa tano za usiku, pengine saa sita nikiwa nimeahidi kofia ya harusi.

Miezi mitatu iliyopita tulikuwa na harusi ya binti wa shemeji yangu, nikaenda kupambwa pamoja na wenzangu. Mpambaji alipomaliza kunitia poda alirudi nyuma kidogo, akanitazama, akachukua brashi akafuta chini ya jicho la kulia, akapaka tena, akafuta tena. Kisha akasema, mbele ya wanawake wote waliokuwa wakingoja zamu yao, kwamba poda haikai, inajikusanya kwenye mistari. Nilicheka pamoja na wengine, lakini niliporudi nyumbani nilifungua mlango wa kabati lenye kioo, nikausogeza karibu na dirisha, nikajitazama vizuri. Ni kweli, Khalati. Kuna mistari mitatu myembamba chini ya kila jicho, mfano wa karatasi iliyokunjwa ikakunjuliwa, na jicho la kulia limezidi. Nilidhani ni kwa sababu ya mwangaza, maana hata ofisini dirisha liko kuliani kwangu na nimezoea kuuona upande huo zaidi, lakini nilipogeuka bado ulikuwa umezidi.

Mpambaji yule aliniuzia kichupa cheupe cha krimu kwa shilingi 1,800, akaniambia nipake asubuhi na usiku. Hakina maandishi yoyote. Wiki ya pili ngozi ikawa laini na nyeupe kidogo, na kazini wakaanza kuniuliza siri yangu. Sasa ni mwezi wa tatu. Nikikosa kupaka siku mbili pananiwasha na kuwa pekundu, ngozi imekuwa kama ganda la kitunguu, na naona vishipa vyembamba vyekundu ambavyo havikuwepo. Mistari nayo haijaondoka.

Kila mtu ana dawa yake. Dada yangu aniambia nibandike vipande vya tango na nipake ute wa yai. Shoga yangu asema niende nikadungwe sindano, kwamba siku hizi zinapatikana hapa hapa Mombasa. Binti yangu, ambaye amesoma kuliko sisi sote, ashikilia kwamba ninywe lita tatu za maji kwa siku. Mume wangu hajasema neno, na nikimuuliza asema haoni kitu. Miezi minne ijayo dada yangu atamuoza bintiye, na mimi ndiye nitakayesimama upande wa mama. Naomba unieleze kipi nifanye na kipi niache, na kama yapo mambo ya kila siku ninayoyakosea bila kujua.

Ni mimi mpwa wako, Likoni.

*

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Nitaanza na kichupa, ingawa wewe umekitaja katikati ya barua, kwa sababu hayo mengine yote yaweza kungoja mwezi mmoja na hilo halingoji. Krimu isiyo na jina inayolainisha ngozi na kuing'arisha kwa wiki mbili, kisha ikawa huwezi kuiacha bila ngozi kuwaka, mara nyingi huwa imetiwa steroidi, dawa ya kweli ambayo madaktari huwapa wagonjwa wa ukurutu na maradhi mengine ya ngozi kwa kipimo na kwa muda maalumu. Siwezi kujua kilichomo kwa kusoma barua, wala wewe huwezi kujua kwa kunusa, lakini vishipa vyekundu, ngozi iliyokonda na mwasho unaorudi ukikosa siku mbili ni dalili zinazojulikana sana. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu na kupunguza rangi ya ngozi, ndiyo maana mwanzoni wenzako kazini walikuuliza siri yako. Lakini wakati huo huo huizuia ngozi kutengeneza kolajeni, yaani zile nyuzi zinazoishikilia isikunjamane. Kwa hiyo ulilipa shilingi 1,800 uongezewe kile kile ulichotaka kupunguziwa.

Acha kukipaka leo, wala usikitupe. Kifunge kwenye mfuko ukakionyeshe kwa daktari wa ngozi, umweleze umekitumia kwa muda gani, mara ngapi kwa siku, na ulikuwa ukikifikisha karibu kiasi gani na kope. Ujue mapema kwamba siku za mwanzo baada ya kuacha ngozi yaweza kuwaka na kuvimba kuliko ulivyozoea, na hapo ndipo wengi hukirudia kichupa wakidhani ndicho kinachowaponya, ilhali ndicho kilichowaweka katika hali hiyo. Daktari anaweza kukupa kitu cha kutuliza huo mpito. Mwombe pia akuelekeze kwa wataalamu wa macho wakupime presha ya jicho, kwa kuwa steroidi ikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu huweza kuipandisha presha hiyo na hata kuleta mtoto wa jicho, na presha ya jicho haiumi wala haionekani kwenye kioo cha kabati.

Mpambaji simlaumu sana, maana huenda na yeye aliuziwa akaambiwa ni krimu ya macho. Lakini tangu sasa usipake usoni kitu ambacho hakikuandikwa kimetengenezwa na nani, wapi, kwa viungo gani, na kitaharibika lini. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, viungo vya kuing'arisha ngozi, na bado vinauzwa, mara nyingi vikiwa vimekorogwa na kutiwa kwenye vichupa kama hicho chako.

Kwa mwezi mzima unaofuata, isipokuwa daktari aseme vinginevyo, sehemu hiyo iachie maji safi, mafuta ya mgando kidogo yasiyo na manukato wakati wa kulala, na kinga ya jua. Hakuna kingine, hata kama ni cha bei ghali, hata kama kimetoka Ufaransa.

Sasa nirudi kwenye jambo uliloliandika kana kwamba halina uzito, kwamba jicho la kulia limezidi na kwamba dirisha la ofisini liko kuliani kwako. Wewe ulilitoa kama udhuru wa mwangaza, na mimi naliona kuwa ndilo jibu la nusu ya barua yako. Mwaka 2012 jarida la tiba la Marekani liitwalo New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari la kusambaza mizigo kwa miaka 28. Nusu ya kulia ya uso wake ilikuwa ya mzee wa kawaida. Nusu ya kushoto ilikuwa imekunjamana na kufanya matuta na mifuko chini ya jicho, kana kwamba uso mmoja umegawiwa watu wawili waliopishana miaka mingi. Kule kwao dereva huketi kushoto, na dirisha la gari lilikuwa upande huo. Kioo huzuia sehemu kubwa ya miale ya jua iitwayo UVB, ile inayobabua, lakini miale ya UVA hupita kwa wingi, nayo ndiyo inayoingia ndani zaidi ya ngozi na kukatakata kolajeni na zile nyuzi za kunyumbuka ziitwazo elastini. Haikuchomi, kwa hiyo hujui kwamba imekupata. Ikiwezekana geuza meza, au omba pazia, au utie kwenye kioo karatasi ya plastiki ya kuzuia miale.

Na sisi jua letu si la kuchezea. Mombasa iko takriban nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, na hata wakati wa kusi, mawingu yanapokuwa mazito na watu wakasema leo hakuna jua, UVA inaendelea kushuka. Kwenye feri unapata la juu na la chini, kwa sababu povu la bahari hurudisha karibu robo ya miale inayoliangukia na mchanga mkavu wa pwani hurudisha asilimia 15 hivi. Ngozi yetu nyeusi ina kinga yake ya kuzaliwa, ambayo wataalamu waliipima wakaikadiria kuwa sawa na SPF, yaani kipimo cha nguvu ya kukinga jua, ya 13 hivi kwa ngozi iliyoiva sana, na ndiyo sababu mama zetu walizeeka taratibu kuliko Wazungu wa umri wao. Lakini ngozi ya chini ya jicho ni nyembamba mno, nusu milimita hivi, ina tezi chache za mafuta, na imelazwa juu ya msuli wa mviringo unaojikunja kila unapopepesa, na mtu hupepesa mara 15 au zaidi kwa dakika. Kinga hiyo ya kuzaliwa hapo haitoshi. Hukunieleza kama unavaa ninja, yaani nikabu. Kama unavaa, usidhani imekukinga, kwa maana sehemu pekee ya uso inayobaki wazi mchana kutwa ndiyo hiyo unayoniandikia.

Kwa hiyo ukiwa na fedha za kununua kitu kimoja tu, nunua losheni ya kukinga jua. Nasema hivyo nikijua haing'arishi wala haina harufu nzuri, na kwamba hakuna atakayekuuliza siri yako wiki ya pili. Kule Australia watafiti waliwafuata watu wazima zaidi ya 900 walio chini ya miaka 55 kwa miaka minne na nusu, wakachapisha matokeo mwaka 2013: waliopaka kila siku ngozi zao hazikuonyesha dalili ya kuzeeka zaidi ndani ya muda huo, na waliopaka wanapojisikia zilionyesha. Tafuta SPF 30 au 50 ambayo pia imeandikwa kwamba inakinga UVA. Ya 30 huzuia asilimia 97 ya UVB na ya 50 huzuia 98, kwa hiyo ukiona inayodai 100 ujue unalipia tarakimu. Karibu na macho ni bora ile yenye oksidi ya zinki, kwa sababu haichomi jicho jasho linapoiteremsha, na jasho la Likoni saa saba za mchana wewe walijua. Ubaya wake ni kwamba huacha weupe wa majivu juu ya ngozi nyeusi. Ziko zilizotiwa rangi ya kahawia, na hizo zinakaa vizuri na pia zinasaidia weusi wa chini ya macho usizidi. Kwa uso na shingo, chora mistari miwili kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati, toka ncha mpaka mwisho. Watu wengi hupaka robo ya hiyo, kisha wakasema haifanyi kazi.

Inatakiwa irudiwe kila baada ya saa mbili ukiwa juani, na najua utaniuliza habari ya udhu. Mimi si shehe, na wenye elimu ndio wa kuulizwa ni kipaka gani kinazuia maji kufika kwenye ngozi. Ninachokupa ni utaratibu ambao nimeutumia mwenyewe: unapaka asubuhi dakika kumi kabla ya kutoka, ukiingia wakati wa Adhuhuri unaosha uso kwa sabuni laini, unatawadha, unasali, kisha unapaka upya kabla ya kurudi mezani. Hiyo ni saa sita na nusu na kitu, jua likiwa kali kuliko saa nyingine yoyote, na inakuvusha mpaka kwenye feri ya alasiri. Udhu wenyewe haukunji ngozi. Kinachoikunja ni kujifuta. Nimewaona wanawake wakimaliza kutawadha wakachukua ncha ya leso na kusugua macho kutoka ndani kwenda nje kama wanaofuta meza, na mimi nilikuwa mmoja wao hadi nilipokanywa. Bonyeza tu kitambaa laini, kinyonye maji, ukiondoe.

Hivyo hivyo kwa wanja. Usiku usiutoe kwa kusugua na maji matupu; tia mafuta ya nazi kidogo kwenye pamba, iwekelee juu ya jicho lililofumbwa, hesabu mpaka thelathini, kisha telezesha mara moja kwenda chini. Na ule wanja wa unga unaouzwa kwa kupimwa, usiojulikana ulikotoka, uache kabisa, kwa sababu wanja wa namna hiyo umewahi kupimwa katika nchi mbalimbali ukakutwa na madini ya risasi, na hilo ni balaa jingine lisilohusiana na makunyanzi.

Miwani ya jua ni ya lazima kwako, hasa kwenye feri, kwani anayekaza macho kwa mwanga hukunja mistari ile ile mara mia kabla ya kufika kazini. Iwe imeandikwa UV400, yaani inazuia UVA na UVB. Miwani myeusi ya barabarani isiyozuia miale ni mibaya kuliko kutovaa, maana giza lake hufanya mboni ipanuke ikaruhusu miale zaidi kuingia. Mwavuli pia, na ukiweza kusimama upande wa kivuli wa feri, simama.

Nimefika kwenye kofia. Mwanangu, una miaka 43, unashona viua usiku, na hukutaja miwani. Jiangalie leo ukitunga uzi kwenye sindano. Kama unaisogeza mbali na uso, unaiinua kwenye taa, unakaza macho na kuikosa mara mbili, basi macho yako yamefikia umri ambao hufikiwa na kila mtu baada ya miaka 40 au hapo karibu, umri ambao lenzi ya jicho inakuwa ngumu na haiwezi tena kujikunja ili ione kitu cha karibu. Jicho lisiloweza humwomba msaada jirani yake, na jirani ni ule msuli wa mviringo. Kwa muda wa saa tatu kila usiku, ukizungushia uzi kijitundu kisichozidi punje ya mtama, unaukaza msuli huo bila kuupumzisha, na ngozi iliyo juu yake inakunjika pale pale, mstari ule ule, kwa miaka. Hakuna krimu inayoshindana na hilo. Miwani ya kusomea iliyopimwa vizuri, na taa inayotoka nyuma ya bega lako badala ya balbu iliyo mbele ya uso, vitafanya kazi ambayo kichupa cha mpambaji kisingeweza kuifanya hata kama kingekuwa halali. Saa sita za usiku nazo zipunguze. Anayelala kwa muda wa saa tano tu huamka macho yamevimba, anayasugua, na unajua nimesema nini juu ya kusugua.

Ngozi ikishatulia, na hapo nahesabu wiki sita au nane baada ya kuacha kichupa, na daktari akiwa ameridhika, unaweza kuanza retinoli. Hii ni jamaa ya vitamini A, na katika vitu vyote vinavyopakwa ndiyo yenye ushahidi wa muda mrefu zaidi. Kaka yake mwenye nguvu, tretinoini, huandikwa na daktari. Ilikuwa dawa ya chunusi kwanza, kisha daktari mmoja wa Philadelphia, Albert Kligman, na wenzake wakachapisha mwaka 1986 kwamba inarekebisha ngozi iliyoharibiwa na jua. Retinoli ni dhaifu kuliko hiyo na kwa chini ya macho udhaifu huo ni heri. Chukua kiasi cha punje moja ya mchele kwa macho yote mawili, uguse guse kwa kidole cha pete juu ya mfupa wa chini wa tundu la jicho, usikaribie kope, baada ya kutanguliza krimu ya kulainisha ngozi. Wiki za mwanzo iwe usiku mmoja au miwili tu kwa wiki. Ikikauka na kuchubuka, pumzika. Usipake mchana. Na kama kuna uwezekano wa kushika mimba, usiiguse kabisa, wala usiiguse ukiwa mjamzito, kwa sababu jamii hii ya dawa inajulikana kwamba huweza kumdhuru mtoto tumboni. Hukunieleza kuhusu hilo na sikuhoji, lakini ukiwa katika hali hiyo tumia krimu yenye niasinamidi au asidi ya hayaluroni na uiache retinoli kwenye duka la dawa. Nimesema duka la dawa kwa makusudi: retinoli huharibiwa na joto, hewa na mwanga, na ile iliyopangwa kwenye meza kandokando ya barabara tangu asubuhi, juani, huenda imekwisha nguvu kabla hujaifungua. Chagua ya tyubu, si ya kopo la mdomo mpana.

Tango la dada yako halina ubaya. Ubaridi wake hupunguza uvimbe kwa saa moja au mbili, na kijiko kilichokaa kwenye friji hufanya vivyo hivyo bila kuharibu kachumbari. Ute wa yai hukauka ukavuta ngozi, ukiosha unarudi ulivyokuwa, na kuutia karibu na jicho yai likiwa bichi sikupendi. Mafuta ya nazi yanazuia unyevu usitoke na yanafaa usiku kwa mtu asiyetoka chunusi, ila hayakingi jua, hata wanaokwambia yanakinga wawe wengi namna gani. Liwa ni nzuri kwenye mashavu, lakini ukiiacha ikakauka chini ya macho itapasuka pamoja na mistari yako. Maji ya binti yako ni ya afya na unywe unapoona kiu, lakini hayaendi moja kwa moja kujaza makunyanzi. Kinachokukausha wewe huenda ni kiyoyozi cha ofisini na pangaboi linalokupepea usoni usiku kucha. Lielekeze pembeni kama ni la kusimama, au hamisha mto.

Kuhusu sindano za shoga yako, dawa inayodungwa hulegeza msuli, na inafaa zaidi kwa ile mistari ya pembeni ya jicho inayotokea mtu akicheka. Hudumu miezi mitatu au minne, kisha hurudiwa na kulipiwa tena. Kwa mistari myembamba iliyo chini kabisa ya jicho manufaa yake ni machache, na ikidungwa vibaya kope la chini hulegea. Kwa ngozi iliyokondeshwa na steroidi, sikushauri hata kuulizia bei mwaka huu.

Ama harusi, miezi minne yatosha kuiponya ngozi na kuiona imetulia, lakini hesabu vizuri: miezi miwili ya kwanza ni ya kupona, na retinoli huchukua miezi mitatu hadi sita kuonyesha kitu, kwa hiyo siku hiyo utakuwa katikati ya safari. Mistari huenda ikawa imeanza kupungua kina, haitakuwa imekwisha. Siku ya kupambwa mwambie mpambaji, awe yule au mwingine, asikutie poda chini ya macho hata chembe. Atangulize krimu ya kulainisha, angoje dakika kumi, apake rangi ya majimaji kwa kidole, basi. Iliyojikusanya siku ile ilikuwa ni poda yake nyingi juu ya ngozi kavu, na kwa hilo tu angeweza kukuonea huruma akanyamaza.

Mumeo aliyesema haoni kitu huenda na yeye anahitaji miwani, mchukue mwende pamoja. Na utakapokwenda kupimwa, usiende mikono mitupu. Beba kofia uliyoifikisha nusu, sindano na uzi, uishike mbele ya mtaalamu vile unavyoishika nyumbani, ili akupimie kwa umbali huo wa mkono wako na si kwa ule wa kusomea gazeti.